Bodi Nyekundu Juu ya Kahawia: Shajara ya Karakana

Mei 14

Kazi hii imeletwa leo asubuhi na mzee mmoja aliyepiga gitaa la solo katika bendi za dansi za Dar es Salaam kwa zaidi ya miaka ishirini. Alikuja na vitu viwili: gitaa jipya la bei nafuu lenye umbo la Stratocaster, lile gitaa la umeme la kampuni ya Fender, jeusi, linalong'aa kama kiatu cha askari wa gwaride, na picha ya zamani iliyokunjwa mara mbili hata mkunjo umefuta sura ya mpiga besi. Katika picha hiyo mzee ameshika gitaa jekundu. Halikuwa lake, lilikuwa la mwenye vyombo, na siku bendi ilipovunjika liliondoka pamoja na spika na ngoma, asilione tena. Baada ya shikamoo na marahaba aliniuliza kama ninaweza kuifanya bodi hii nyeusi, yaani kiwiliwili cha gitaa, ifanane na ile, nami nikamwomba aniachie picha.

Nimeitazama jioni nzima kwa kioo cha kukuzia. Pale mkono wa kulia unapoegemea pana baka la kahawia lenye ukungo wa manjano, nami nilidhani ni mbao iliyochafuka mpaka nilipompigia mzee simu. Alieleza kwamba gitaa lilinunuliwa likiwa na sanbasti, yaani manjano katikati inayokolea hadi kahawia pembezoni, kisha mwenye vyombo akaamuru magitaa yote yapigwe rangi nyekundu ili yaende na sare za wanamuziki. Aliyepewa kazi hiyo alikuwa fundi rangi wa magari. Kwa miaka michache mkono wa mzee ukaila ile nyekundu na kuifukua sanbasti iliyokuwa chini.

Jambo hili si geni kwa wenye kiwanda wenyewe. Fender ya California, iliyoanza kuuza Stratocaster mwaka 1954, mara nyingine ilipulizia rangi ya oda juu ya bodi iliyokwisha kupata sanbasti, na rangi hizo za oda zilikuwa rangi za magari za DuPont. Ile nyekundu iliyoitwa Fiesta Red ilikuwa rangi ya gari la Ford kabla ya kuwa rangi ya gitaa. Kwa hiyo fundi wetu wa gereji, bila kujua, alifuata desturi ya kiwanda.

Kutokana na hayo mpango wa kazi umejipanga wenyewe: kuvua nyeusi yote, kujenga sanbasti kamili kana kwamba ndiyo rangi ya mwisho, kuifunika kwa nyekundu, halafu kuila nyekundu pale tu mkono wa mzee ungeila.

Mei 17

Siku mbili za kuvua rangi. Nyeusi hii ni poliesta, ambayo haikauki kwa kupoteza tina, yaani kiyeyushio chake, kama laka bali hushikana kikemia ikawa kitu kimoja kigumu, na kwa sababu hiyo tina haiifanyi lolote. Nilipima ukingo wake kwenye shimo la shingo nikapata karibu milimita 0.8, unene ambao kwa rangi ya gitaa ni koti la baridi. Njia iliyobaki ni hewa ya moto na chuma cha kukwangulia: unapasha eneo la ukubwa wa kiganja mpaka rangi ianze kuvimba, unaingiza chuma kwa ubapa, unainua, unasogea. Ukikawia mahali pamoja, mbao inaungua na doa lake litaonekana chini ya manjano. Ukiharakisha, poliesta inakatika vipande vyenye makali ya kukata vidole. Nilifanya kazi hii nje, nikiwa na barakoa ya vichujio vya mkaa, na nikamkataza kijana wangu kusogea bila barakoa ingawa alilalamika kwamba inamtoa jasho usoni.

Chini ya nyeusi kumetokea mbao nyeupe, nyepesi, laini kiasi cha kuingia ukucha, ya vipande vitatu vilivyogundishwa. Nadhani ni baswudi. Magitaa ya Fender ya miaka ya 1950 yalitengenezwa kwanza kwa mbao ya eshi na kuanzia mwaka 1956 zaidi kwa alda, ambazo zina mishipa ya kupendeza chini ya rangi angavu. Hii haina mshipa wowote wa kujivunia, na maungio yake mawili yanaonekana wazi. Manjano yangu italazimika kuwa nzito kidogo kuliko ya kiwanda ili kuyaficha.

Mei 21

Vishimo vilivyosababishwa na chuma nimevinyanyua kwa kitambaa kibichi na pasi: mvuke unaingia katika nyuzi za mbao zilizobonyea, zinavimba, na zikikauka zinabaki juu. Kisha msasa namba 120, 180 na 220, nikaishia hapo. Mbao ikisuguliwa laini kupita kiasi sila, yaani rangi ya kuziba vinyweleo vya mbao, hukosa pa kushika.

Mei 25

Nimepaka shelaki, ule utomvu wa wadudu, mikono miwili, iliyoloweshwa katika spiriti tangu juzi. Shelaki inashika karibu kila kitu na karibu kila kitu kinaishika, kwa hiyo ndiyo mpatanishi wangu kati ya mabaki ya poliesta yaliyojificha ndani ya mashimo ya pikapu, zile sumaku zinazonasa sauti ya nyuzi, na laka itakayokuja juu. Baada ya hapo sila ya nitroselulosi mikono mitatu, na msasa namba 320 katikati.

Wapo wanaoniuliza laka hii ninaiagiza kutoka wapi. Siiagizi popote. Mafundi wa samani wa Keko, hapa Dar es Salaam, wanaipulizia vitanda na makabati kila siku ya Mungu, na kopo lake limeandikwa herufi mbili tu, NC, yaani nitroselulosi, kitu kilekile ambacho viwanda vya magitaa vya Marekani vilikitumia kabla ya poliesta na poliyurethani kuchukua nafasi. Tofauti iko katika mchanganyiko. Laka ya samani huongezewa vilainishi zaidi ili kitanda kikihamishwa kisipasuke rangi, na jambo hilo litakuwa na umuhimu wake baadaye.

Mei 30

Siku mbaya. Mvua za masika zilikuwa zimesimama kwa siku tatu, jua likatoka, nami nikajidanganya kwamba hewa imekauka. Nilipulizia laka yenye manjano saa mbili asubuhi, na kabla ya kumaliza upande wa pili ule wa kwanza ulikuwa umepauka kama kioo kilichopigwa pumzi. Sababu naijua, na ndiyo maana nimekasirika. Tina inapoondoka haraka inaupoza uso wa laka, unyevu wa hewa unageuka matone juu ya ubaridi huo na kunaswa ndani, na kwa asubuhi za Pwani hewa imebeba maji ya kutosha kuharibu bodi kumi.

Dawa yake si kuvua. Nimesubiri hadi saa tisa alasiri, nikapuliza tina inayokauka polepole, nyembamba kama umande, na kwa kuwa laka ya nitroselulosi huyeyuka tena kila inapokutana na tina yake, ukungu ukafunguka na unyevu ukatoka. Rangi imerudi. Nimebandika karatasi ukutani: hakuna kupulizia kabla ya saa sita mchana, na kila mchanganyiko upate sehemu moja ya tina ya polepole kwa kila sehemu nne za tina ya kawaida.

Sharti la saa limeleta shida nyingine, kwa kuwa mchana ndipo mama lishe aliye nyuma ya karakana anapokuwa na majiko mawili ya mkaa yanayowaka, na mvuke wa laka ni jirani mbaya wa moto. Tumekubaliana: ninapulizia baada ya saa tisa, majiko yakiwa yamezimwa.

Juni 8

Kahawia ya pembezoni imekamilika. Kazi hii inataka bunduki ya rangi ishikwe kwa mshazari kutoka nje ya bodi, ili chembe zinazopotea ziangukie ndani na kuyeyuka taratibu ndani ya manjano. Ukiishika wima unapata mstari kama wa ukanda wa lami. Nimetumia shinikizo dogo na rangi nyembamba, mizunguko minane. Sanbasti za mwanzo za Stratocaster zilikuwa za rangi mbili tu, na nyekundu ya kati iliongezwa mwaka 1958. Ya mzee, kwa jinsi anavyoikumbuka, haikuwa na nyekundu, na hilo linanifaa, kwa sababu nyekundu chini ya nyekundu isingesomeka.

Juu yake laka angavu mikono minne. Nilipoitundika kwenye waya ikauke, kijana wangu alisimama mbele yake muda mrefu, kisha akasema ni dhambi kuifunika. Karibu nimkubalie.

Juni 24

Nyekundu. Nimepeleka picha kwa wachanganya rangi za magari Kariakoo, lakini picha yenyewe imepauka, kwa hiyo nilimchukua mzee twende pamoja. Alikataa vibao vitano. Cha sita, chenye uchungwa kidogo ndani yake, alikigusa kwa kidole akasema, "Hii ndiyo iliyokuwa inanichafua mashati."

Nimesubiri siku kumi na sita kati ya laka ya sanbasti na nyekundu kwa makusudi. Laka changa ingeyeyuka na kushikamana na rangi mpya kabisa, na siku ya kuizeesha nyekundu isingebanduka peke yake bali ingeondoka na kahawia. Mikono mitatu, myembamba na mikavu kiasi, halafu miwili ya laka yenye tone la rangi ya kaharabu, kwa kuwa laka ya zamani hugeuka manjano na kuipa nyekundu joto ambalo rangi mpya haina.

Julai 13

Wiki tatu za kungoja laka ikauke, ambazo nimezitumia kwa viti vya kanisa na spika moja iliyopasuka.

Leo mzee amekuja kwa kipimo. Nilifunga shingo na nyuzi kwa muda, nikasaga chaki ya shule, nikaipaka bodi yote kwa kitambaa laini mpaka ikawa ya waridi, kisha nikampa gitaa pamoja na ukanda wake mwenyewe wa ngozi na kumwomba apige kwa nusu saa akiwa amesimama. Alipiga dakika hamsini. Mahali chaki ilipoondoka ndipo mahali rangi itakapoondoka.

Matokeo yalinirekebisha mambo mawili. Nilitarajia mgongo wa bodi uwe umekwanguliwa na bizimu ya mkanda wa suruali, kama inavyoonekana kwenye picha nyingi za magitaa ya Marekani. Mzee huvaa shati nje ya suruali, na chaki ya mgongoni ilibaki nzima isipokuwa doa la tumbo. La pili sikulitarajia kabisa: kando ya kitufe cha sauti palikuwa na alama ndogo ya duara, ambapo kidole chake cha mwisho hujishikiza anapopiga solo za haraka. Nimezichora alama zote kwenye karatasi ya kunakilia kabla ya kufuta chaki.

Julai 16

Mjadala wa nyufa. Kijana wangu ameona kwenye simu yake magitaa yenye nyufa nyembamba kama utando wa buibui, na anaamini kwamba gitaa lililozeeshwa bila nyufa halijazeeshwa. Tumefanya jaribio. Kipande cha mbao chenye laka ya Keko tulikilaza usiku kucha kwenye friza la muuza samaki wa jirani, asubuhi tukakitoa juani. Hakuna ufa hata mmoja, ila harufu ya changu ambayo haijatoka hadi sasa. Vilainishi vya laka ya samani vimefanya kazi yake. Njia ya wembe ingekuwepo, mstari kwa mstari, na mkono wangu unaiweza.

Nimeamua kuziacha. Nyufa za kweli hutokea pale gitaa linapotoka katika baridi kali ya nje na kuingia katika chumba chenye joto: mbao inapanuka au kusinyaa ghafla, na laka iliyozeeka, ambayo vilainishi vyake vimekwisha kutoroka, haiwezi kuifuata. Gitaa la mzee lilizeekea Magomeni, Temeke na Tanga, ambako halijaonja ubaridi wa namna hiyo. Kilicholizeesha ni jasho, chumvi ya bahari iliyo hewani, jua la maonyesho ya uwanjani na kuegeshwa ovyo kando ya spika. Kulichora nyufa za theluji kungekuwa sawa na kumvalisha mzee koti la manyoya kwenye picha ya Coco Beach.

Kuzeesha gitaa kwa kukusudia ni biashara inayojulikana tangu mwaka 1995, Fender ilipoanza kuuza magitaa iliyoyaita Relic, ambayo bodi zake za mwanzo zilizeeshwa na fundi Vince Cunetto huko Missouri. Wanaoiga kazi hiyo leo huiga pia hali ya hewa yake, na hapo ndipo mimi na wao tunapoachana. Jasho pekee linatosha: Stratocaster ya mwaka 1961 ya Rory Gallagher wa Ireland ilibaki karibu mbao tupu, na aliyeivua ni mwenyewe kwa kuipiga.

Julai 20

Nimeanza kula nyekundu. Pale mkono unapoegemea nimetumia msasa wa maji namba 800 kwa kiganja bila kibao, kwa sababu kiganja ni laini na kinafuata mviringo kama mkono unavyoufuata. Nilisugua kwa mwendo wa mpigaji, juu na chini kwa mshazari, si kwa duara. Nyekundu iliyeyukia kwenye kahawia, kahawia ikafunguka kwenye manjano, na katikati kabisa nimeiruhusu mbao ionekane kwa upana wa dole gumba. Kisha 1500, kisha kitambaa kikavu kwa muda mrefu mpaka kingo zikawa laini mguuni mwa kila tabaka. Mbao iliyo wazi haiwezi kubaki nyeupe. Nimeilisha chai ya rangi iliyokolea, mara tatu, kila mara nikiiacha ikauke, ikapata ule uchafu wa kijivu unaotokana na jasho.

Alama ya kidole cha mwisho nimeifanya kwa kidole changu mwenyewe kilichofungwa kipande cha msasa. Ilichukua saa nzima kwa alama ya ukubwa wa senti.

Vidonda vya kingo ni habari nyingine, kwa sababu havitokani na kusugua bali na kugongwa, na mpangilio wake ndio unaomfichua fundi mvivu. Bodi iliyoegeshwa kando ya spika huumia chini, karibu na kitufe cha ukanda, na kwenye pembe ya juu inapogonga stendi ya maikrofoni. Haiumii sawasawa pande zote kama embe lililodondoka mtini. Nimetumia shada la funguo na ukingo wa kiti cha chuma. Nyekundu ilibanduka vizuri, ikiiacha sanbasti chini yake ikiwa nzima na yenye kung'aa, na zile siku kumi na sita za kungoja nimeziona faida yake leo.

Julai 27

Kosa langu la pili, na hili limenigharimu zaidi. Ili skrubu, briji (chuma kinachoshikilia nyuzi kwenye bodi) na sahani ya shingo zipate kutu nilizitundika ndani ya ndoo yenye vijiko vichache vya asidi ya kusafishia vigae, mvuke wake uziguse bila asidi yenyewe kuzigusa. Njia ni sahihi. Kosa ni kwamba ndoo niliifungia ndani ya karakana usiku, na mfuniko haukukaa sawasawa. Asubuhi patasi zangu nne, randa mbili na meza ya msumeno vyote vilikuwa vimevaa unga wa machungwa. Nimetumia siku mbili kuvisafisha kwa mafuta na sufi ya chuma, na randa moja, niliyoachiwa na fundi aliyenifundisha kazi, imebaki na madoa kama uso wenye makovu ya ndui.

Skrubu zenyewe zimetoka nzuri kupita kiasi. Nimezisugua vichwa ili zionekane zimeguswa na bisibisi mara kwa mara, na nyuzi zake nimezipaka nta, kwa kuwa skrubu iliyokufa ndani ya baswudi ni tatizo la fundi mwingine miaka kumi ijayo, na fundi huyo huenda akawa mimi.

Agosti 10

Siku kumi za jua la asubuhi, saa moja na nusu hadi saa nne, nikiwa nimeifunga sahani ya plastiki ya mbele mahali pake ili rangi iliyo chini yake isipauke. Siku ya mwisho nimeifungua nikatazama: tofauti ni ndogo, lakini ipo, mstari mwembamba wa nyekundu iliyokolea zaidi kuzunguka shimo la pikapu. Hakuna atakayeuona isipokuwa atakayelifungua gitaa.

Agosti 17

Mzee amekuja kulichukua. Alivaa ukanda, akapitisha mkono, na mkono ukatulia juu ya baka bila yeye kutazama. Kidole cha mwisho kilipotua kando ya kitufe alisimama kupiga, akainamisha kichwa, akasema, "Hapa umenipata." Kisha akapiga tena.

Alipomaliza alilipeleka mlangoni kwenye mwanga na kunionyesha pembe ya juu, ambako nilikuwa nimebandua vidonda viwili vya stendi ya maikrofoni. Hapo, alisema, hapakuwahi kuumia, kwa sababu kwa miaka yote alifunga leso ya kujifutia jasho kwenye pembe hiyo. Niliitoa picha na kioo cha kukuzia. Leso ipo, mimi nilikuwa nimeidhania sehemu ya shati lake.

Gitaa limebaki karakana. Nimejaza vidonda vyote viwili kwa kijiti, tone kwa tone, kutoka kwenye chupa ya nyekundu niliyoiweka akiba, na nitavisawazisha kwa msasa namba 2000 vikikauka. Mzee atarudi Jumatano, na ameahidi kuja na leso.